Zawadi ya Kilo 41

Unataka kujitengenezea baiskeli ya umeme ili uagane na foleni? Safi sana. Lakini kabla hujakimbilia mota yenye namba kubwa kwenye boksi, soma kwanza yaliyotukuta sisi.

Naomba nianze kwa kuungama. Kwa wiki tatu nzima nilimdanganya mume wangu kila jioni, na uongo wenyewe ulihusu baiskeli.

Tulia, mpenzi msomaji, sikuwa na mtu wa pembeni. Nilikuwa na baiskeli ya umeme ambayo shemeji yenu alinitengenezea kwa mikono yake kama zawadi ya miaka mitano ya ndoa. Alidunduliza miezi sita. Aliacha kwenda kutazama mpira na washikaji zake, akapunguza soda, akanunua vifaa kimoja kimoja na kuvificha kwa rafiki yake. Siku ananikabidhi, macho yake yalikuwa kama ya mtoto wa shule aliyepata namba moja. Sasa mwanamke gani angeweza kumwambia, "Baba, baiskeli yako siiwezi"?

Mimi sikuweza. Kila asubuhi nilishuka nayo ngazi kwa mbinde, nikaiacha kwa babu mlinzi, kisha nikachukua bajaji hadi ofisini Mwenge. Jioni nikirudi namwambia, "Leo imenikimbiza vizuri kweli!" Naye anacheka, anafurahi, anapandisha baiskeli ghorofa ya tatu huku akihema.

Mpaka siku moja alipotazama ile skrini ndogo kwenye usukani inayohesabu kilomita. Ilisoma 61. Wiki tatu baadaye ilikuwa bado inasoma 61.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kochi akaniuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Namba kubwa, mzigo mkubwa

Kiukweli tatizo halikuwa mapenzi. Tatizo lilikuwa mota.

Shemeji yenu alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Aliingia dukani, akakuta mota za wati 250, 350, 500 na 1,000. Akajiuliza, mke wangu anastahili ipi? Bila shaka ile kubwa! Akachukua ya wati 1,000, ile ya duara pana kama sahani ya pilau inayokaa katikati ya gurudumu la nyuma. Mota pekee ilikuwa na kilo 7. Ili iweze kula ikashiba, ikahitaji volti 48, na kwa kuwa hela ilikuwa imekwisha akanunua betri nne za risasi za volti 12. Kila moja kilo 4. Akazifunga zote kwenye keria kwa nati, wala hazitoki.

Ile jioni ya kuumbuka tulichukua mizani ya bafuni. Akasimama juu yake peke yake, kisha akasimama akiwa ameibeba baiskeli, tukatoa. Baiskeli yenyewe, mtumba wa Japani wa chuma, kilo 17. Mota 7. Betri 16. Kontrola, boksi na waya, kilo 1. Jumla kilo 41.

Mimi nina kilo 65, na mgongo wangu haujakaa sawa tangu nijifungue. Tunakaa Kimara, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Hebu fikiria kubeba ndoo mbili za maji za lita 20 kwenye ngazi kila jioni, tena ndoo zenye pedali zinazokugonga muundi.

Na kuna siku ya pili, siku iliyonimaliza nguvu. Asubuhi nilishuka Ubungo kama upepo, nikapita Sam Nujoma natabasamu, nikafika kazini sijatoka jasho. Jioni, nikiwa napanda kurudi Kimara, pale Baruti, umeme ukakata. Kumbe betri za risasi ukizinyonya kwa kasi zinatoa pungufu ya kilichoandikwa ubavuni, na mota ya wati 1,000 inanyonya kweli kweli. Nikaanza kukanyaga. Mota ya aina ile hata ikiwa imezimwa, sumaku zake zinaendelea kuikokota, ni kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Nilisukuma kwa miguu hadi nyumbani, daladala zinanipita, makonda wananishauri niuze skrepa.

Siku hiyo nilipofika nilimwambia mume wangu nimechelewa kwa sababu ya kikao. Huo ndio uongo wa kwanza.

Unahitaji wati ngapi kwa kweli?

Baada ya kuombana msamaha (mimi kwa uongo, yeye kwa kutoniuliza), tulikaa mezani na daftari. Tukakubaliana kuanza upya, safari hii wawili. Swali la kwanza halikuwa "mota gani?" Lilikuwa "safari yangu ikoje?"

Kutoka Kimara hadi Mwenge kwa kupitia Ubungo ni kama kilomita 11. Kwenda na kurudi, 22. Asubuhi nateremka, jioni napanda. Yaani mlima wangu unanisubiri wakati nimechoka, tumbo liko tupu na mtoto anangoja nyumbani. Hapo ndipo mota inatakiwa kunisaidia. Kwingine kote naweza kujitegemea.

Sasa hesabu, na usiogope, ni rahisi. Mtu wa kawaida asiye mwanariadha anaweza kukanyaga pedali na kutoa wati kati ya 75 na 100 kwa muda mrefu bila kuzimia. Tukachukua 80 kwa upande wangu. Kwenye barabara tambarare, mimi na baiskeli nyepesi na pochi yangu, jumla kilo 91 hivi, tunahitaji takriban wati 100 kwenda kilomita 20 kwa saa. Umeona? Karibu zote naweza kutoa mwenyewe.

Ukitaka kilomita 25 kwa saa inafika kama 170. Ukitaka 40 inaruka hadi karibu 570! Kasi imeongezeka mara mbili tu kutoka 20, lakini nguvu imezidi mara tano. Mchawi ni upepo. Kadiri unavyokimbia ndivyo hewa inavyokuwa ukuta mbele yako, na kila ukiongeza kasi ukuta unaongezeka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mota kubwa mara nyingi unainunua ili kupigana na hewa.

Halafu mlima. Kwa kile kipande kikali tulikadiria mwinuko wa asilimia 5, maana yake kila mita 100 unazosonga unapanda mita 5. Kwa kilo 91, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, zinatakiwa takriban wati 240. Mimi natoa 80, mota itoe 160. Basi!

Tukapiga hesabu hiyo hiyo kwa baiskeli ya zamani. Mimi, pochi na kilo 41, jumla 110. Mlima ule ule, mwendo ule ule: karibu wati 290. Yaani wati 50 zilikuwa zinaenda kubeba uzito wa vifaa vyenyewe, zaidi ya nusu ya jasho langu lote. Tulikuwa tumenunua mota kubwa, ikataka betri kubwa, betri kubwa ikaleta uzito, na uzito ukataka mota kubwa. Ni kama mtu anayekopa ili alipe mkopo.

Shemeji yenu aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Kumbe ya wati 250 ingetosha," akasema kwa sauti ya mtu aliyemwaga mchuzi.

Ingetosha. Nchi za Umoja wa Ulaya zenyewe zinaihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ya kawaida endapo mota yake haizidi wati 250 za kuendelea na msaada wake unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Marekani wao, kwa sheria ya mwaka 2002, walikwenda hadi wati 750 na kilomita 32 kwa saa. Mamilioni ya watu wazima wenye mabegi na watoto wanapanda vilima vya Ulaya kwa hizo 250.

Na hapa kuna siri moja ya mjini. Namba iliyoandikwa kwenye mota ni ile inayoweza kuitoa muda mrefu bila kuungua. Kwa muda mfupi inaweza kupewa zaidi. Anayeamua ni kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme. Kontrola ya ampia 15 kwenye betri ya volti 36 inaweza kuruhusu hadi wati 540 kuingia kwenye mota kwa dakika chache za mlima. Kwa hiyo ukisikia "wati 250" usidharau. Uliza, "Kontrola yake ampia ngapi?"

Wachumba watatu

Tukiwa tumejua tunachotaka, tukaanza kukagua waposaji. Wako wa aina tatu.

Wa kwanza ni mota ya habu isiyo na gia. Huyu ndiye tuliyekuwa naye. Gurudumu na mota vinazunguka pamoja, ndani hakuna kinachosagana, kwa hiyo yuko kimya na hachakai kirahisi. Anaweza pia kurudisha umeme kidogo kwenye betri unapofunga breki, ingawa kwa safari za mjini kinachorudi si kingi cha kukufanya utajiri. Kasoro yake ni uzito, kilo 4 hadi 7 na zaidi, na ile tabia ya kukokota ukizima. Anamfaa mtu mwenye njia tambarare ndefu, anayekwenda kasi ile ile muda mrefu, na asiyebeba baiskeli mabegani.

Wa pili ni mota ya habu yenye gia ndani. Kwa nje ni kadogo, kama kopo la maziwa lililokandamizwa. Ndani kuna kimota kinachozunguka kwa kasi kubwa, na gia ndogo, mara nyingi za nailoni ngumu, zinazopunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa nguvu ya kusukuma. Ndiyo sababu anaweza kuwa na kilo 2 hadi 3.5 tu na bado akapanda mlima kwa heshima. Ana friwili ya ndani, kwa hiyo ukizima anakuacha ukanyage kwa uhuru. Kasoro: analia kidogo, harudishi umeme kwenye breki, na zile gia za nailoni huisha baada ya muda au zikipashwa moto sana. Habari njema ni kwamba gia hizo hubadilishwa.

Wa tatu ni mota ya katikati, inayofungwa pale kwenye pedali. Uzito wake ni kama kilo 4 hivi. Ujanja wake ni kwamba anatumia cheni na gia za baiskeli yenyewe, kwa hiyo kwenye mlima unaingiza gia nyepesi naye anazunguka bila kuteseka. Kama unakaa Mwanza kwenye miamba, Mbeya au Lushoto, huyu ndiye mwanaume wa kuoa. Japani ndiko alikopata jina mapema: Yamaha ilitoa baiskeli yake ya PAS mwaka 1993, na mota ilikaa huko huko katikati. Lakini huyu anakula cheni na meno ya gia haraka. Kama baiskeli yako ina gia moja tu, faida yake kubwa imepotea. Halafu lazima upime ile pango ya ekseli ya pedali. Seti nyingi zimetengenezwa kwa upana wa milimita 68 hadi 73, na baiskeli nyingi za kizamani haziko hivyo.

Baiskeli yangu ina gia moja. Mlima wangu ni wa kawaida, si Usambara. Nabeba ngazi tatu. Mshindi akawa wa pili, mota ya gia yenye kilo 2.5.

Usimuulize kasi, muulize mzunguko

Nilidhani tumemaliza. Fundi mmoja wa Manzese, kijana mpole mwenye mikono ya kutengeneza redio, ndiye aliyetufungua macho. "Dada, mota hizi zinafanana sura, lakini kuna za haraka na za polepole. Wewe unataka ipi?"

Kumbe mota ile ile inaweza kusukwa shaba kwa namna tofauti. Muuzaji atakuambia mzunguko wake kwa dakika. Kwa tairi la saizi 26 ambalo mzingo wake ni kama mita 2.07, mzunguko 200 ni sawa na kilomita 25 kwa saa. Mzunguko 260 ni kama 32. Mzunguko 330 ni kama 41. Hizo ni kasi gurudumu likiwa hewani. Ukilipanda barabarani zinapungua.

Moyo unataka ya 330, si ndiyo? Subiri. Mota ya umeme hufanya kazi vizuri ikiwa inazunguka karibu na kasi yake. Ukiibana mlimani ikaenda chini ya nusu ya kasi hiyo, huku umevuta mafuta yote (ndiyo, hata kwenye umeme sisi tunasema kuvuta mafuta), sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Hujaenda mbali, betri inakwisha, na gia za nailoni zinaanza kulainika. Mimi mlimani naenda kilomita 15. Kwa mota ya 330 hiyo ni chini sana ya nusu. Kwa mota ya 200 ni zaidi ya nusu, iko sehemu yake ya raha.

Tukachukua ya 200. Shemeji yenu alimeza mate, lakini alimeza.

Mota ndogo, betri ndogo

Hapa ndipo raha ilipo. Kwa sababu mota haili sana, betri nayo ikawa ndogo. Tulichukua ya lithiamu, volti 36 na ampia-saa 10. Zidisha: wati-saa 360. Baiskeli nyepesi inayosaidiwa na miguu hutumia kama wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita moja. Kwa kilomita 22 tukiweka 10, ni 220. Inabaki akiba nzuri ya siku ya upepo mkali au siku ya uvivu. Kujaza betri hiyo yote kutoka sifuri ni chini ya nusu uniti ya LUKU, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja.

Uzito wake ni kilo 2.5, badala ya zile 16. Tena inachomoka kwa ufunguo. Naiweka kwenye pochi, napanda nayo. Tulitoa pia lile keria la chuma lililobeba betri nne, kilo moja ikaondoka. Tulipopima tena: baiskeli 16, mota 2.5, betri 2.5, kontrola na waya 1. Jumla kilo 22. Ukichomoa betri unabeba 19.5.

Karibu ndoo nzima ya maji imeondoka. Na kwenye ngazi za Kimara, ndoo moja ni tofauti ya ndoa.

Makosa ya kuepuka ukiwa unafunga

Usiamini nati peke yake. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka kinyume. Ikipata nafasi inapanua pembe za foku, gurudumu linatoka, na wewe unaenda chini. Weka kile kipande cha chuma cha kuzuia ekseli, kinachobana kwenye ekseli upande mmoja na kwenye fremu upande wa pili. Ni kipande kidogo, na kinaokoa meno yako.

Kama unafunga gurudumu la mbele, foku iwe ya chuma. Foku za alumini zinaweza kukatika ghafla bila kutoa taarifa.

Kagua breki kabla ya mota. Baiskeli iliyozoea kwenda 12 ikianza kwenda 25, zile raba zilizokauka hazitoshi.

Usiivushe kwenye maji yanayofika katikati ya gurudumu. Wakazi wa Dar tunajua Jangwani inavyojaa masika. Mota inavumilia mvua, haivumilii kuogelea. Hewa ya chumvi ya pwani nayo inakula viungio vya waya, kwa hiyo vifunge vizuri na uvielekeze chini ili maji yadondoke.

Betri ya lithiamu inunuliwe ikiwa na saketi yake ya ulinzi ndani, ichajiwe kwa chaja yake tu, mbali na kitanda na mbali na mlango unaotegemea kutokea. Ikivimba au ikianguka vibaya, usiihurumie, acha kuitumia.

Maswali sita kabla hamjatoa hela

Chukueni kalamu, kaeni wawili, kila mmoja ajibu kwa karatasi yake. Kisha mbadilishane. Mtashangaa.

1. Nani hasa ataipanda? Andika uzito wake, na wa mizigo yake ya kila siku.

2. Safari ni kilomita ngapi kwenda na kurudi? Pengine unaweza kuchaji kazini, na hapo betri inapungua nusu.

3. Mlima mkali kuliko yote uko wapi, na unaupanda saa ngapi ya siku? Mlima wa asubuhi na wa jioni si mmoja.

4. Usiku baiskeli inalala wapi? Kama kuna ngazi, zihesabu. Kisha beba kitu cha uzito huo uone.

5. Unataka kasi gani, na kwa nini? Kumbuka kutoka 20 kwenda 40 ni nguvu mara tano.

6. Ikiharibika, nani wa jirani anaweza kuifungua? Mota yenye vipuri na fundi inashinda mota yenye sifa.

Mkimaliza, mchague mota ndogo kuliko zote inayoweza mlima wa swali la tatu. Msipande zaidi ya hapo.

Na ile ya wati 1,000?

Msidhani tuliitupa. Mota ile haikuwa mbovu, ilikuwa kwa mtu asiye wake. Tuliiuza kwa kijana anayesambaza mikate, njia yake ni tambarare, baiskeli yake inalala chini kwenye geti, naye anakwenda mwendo ule ule alfajiri nzima. Tulipokutana naye alikuwa anacheka peke yake. Tulipata hasara ya laki na ushee. Tumeiita ada ya shule.

Kuhusu sisi, kuna kitu kimoja bado nakifikiria. Mume wangu aliponinunulia ile mota kubwa aliamini ananipa kilicho bora kabisa. Alipima upendo wake kwa wati. Na mimi niliponyamaza niliamini namlinda asiumie. Kumbe wote wawili tulikuwa tunabeba mzigo mzito ghorofa ya tatu, kila mtu kwa ngazi zake, na wala hatusaidiani. Ilikuwa rahisi sana kwake kuuliza, "Mama, unaweza kubeba kilo ngapi?" Ilikuwa rahisi sana kwangu kujibu.

Siku hizi natoka ofisini saa kumi na moja. Naipita Mlimani City, nateleza hadi Ubungo, naupita upande wa daraja la Kijazi, kisha mlima unaanza. Nakanyaga. Mota inalia taratibu kama nyuki aliyeshiba. Baruti naipita kwa kilomita 15 kwa saa, natoka jasho kidogo, la afya. Yule konda aliyenishauri niuze skrepa siku moja alinipungia mkono.

Juzi usiku shemeji yenu aliwasha ile skrini bila kusema kitu. Ilisoma kilomita 1,148. Akaizima, akanitazama, akaniuliza kama mgongo unauma.

Nikamwambia ukweli. Unauma kidogo, upande wa kushoto. Akaenda kuleta mafuta ya kuchua.